NITAKUJA AU SITAKUJA: USIKIVU UNAOFIFIA KATIKA MAANDISHI MATATU, NA FUNZO LAKE KWA KISWAHILI

Utangulizi

Fasihi ya ulimwengu imempa kipofu vyeo vingi. Kipofu amekuwa nabii, amekuwa mshairi, amekuwa mfalme aliyeangamia. Mtu ambaye usikivu wake unafifia hakupewa cheo cho chote cha namna hiyo. Akitokea katika hadithi au katika mchezo wa kuigiza, mara nyingi hutokea ili ajibu swali ambalo hakuulizwa, na hadhira icheke. Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi matatu yaliyojaribu kumtazama mtu huyo kwa macho mengine. La kwanza ni barua ya Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki, aliyoiandika mwaka 1802 huko Heiligenstadt, kijiji kilichokuwa jirani na Vienna. La pili ni insha ya Harriet Martineau wa Uingereza, iitwayo "Letter to the Deaf", iliyochapishwa mwaka 1834. La tatu ni "Deaf Sentence", riwaya ya David Lodge iliyotolewa mwaka 2008.

Yafaa mipaka iwekwe mapema. Mtu aliyezaliwa kiziwi na kukulia katika lugha ya ishara si mtu aliyepoteza lugha. Lugha yake anayo, na ina sarufi yake kamili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na katika kifungu cha 120 inaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wanaozungumzwa katika makala haya ni watu wengine: wale waliokwisha kuishi ndani ya lugha ya sauti, kisha sauti hiyo ikaanza kuwatoroka, wengine utotoni, wengine katikati ya kazi zao, wengine uzeeni. Nao si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani.

Hoja ya makala haya ni moja. Kuishi vyema na usikivu uliopungua si jambo la sikio peke yake, bali ni jambo la mgawanyo wa kazi baina ya anayesema na anayesikiliza. Kila andiko litapimwa kwa kipimo hicho: limemtwika nani mzigo wa kuelewana? Kisha kipimo hicho hicho kitaelekezwa kwa Kiswahili chenyewe.

Kitenzi "kusikia" na lawama yake

Kabla ya kuwahukumu wageni, ni haki kuitazama lugha ya nyumbani. Kitenzi "kusikia" kina maana mbili zilizoshikana: kupokea sauti kwa sikio, na kutii. Mzazi akisema, "Mtoto huyu hasikii," jirani hamshauri ampeleke hospitali, humshauri amrudi. Methali nazo zimefuata njia hiyo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haina habari na sikio la mwili hata kidogo. Inasema juu ya ukaidi na malipo yake. "Sikio la kufa halisikii dawa" inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa ndani yake ukaidi umepewa sura ya ugonjwa, na ugonjwa nao ukapewa sura ya ukaidi.

Hapana ubaya katika methali kutumia mwili kama sitiari. Methali za lugha zote hufanya hivyo. Lakini sitiari ikikaa sana huacha kivuli. Mtoto wa darasa la tatu ambaye masikio yake yameharibiwa na homa ya uti wa mgongo au na usaha wa muda mrefu, akikaa nyuma ya darasa asijibu, huhukumiwa kwa kitenzi kile kile anachohukumiwa mtundu. Hasikii. Sentensi moja imebeba maelezo na hukumu kwa pamoja, na mara nyingi hukumu ndiyo hufika kwanza.

Kwa hiyo swali la nani alaumiwe si geni katika Kiswahili. Limo ndani ya msamiati wake.

Beethoven: mzigo uliofichwa

Beethoven aliiandika barua yake mwezi Oktoba mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 31. Usikivu wake ulikuwa umeanza kudhoofika miaka kadhaa kabla ya hapo. Barua aliwaelekezea ndugu zake wawili, lakini hakuipeleka. Ilionekana baada ya kufa kwake mwaka 1827, miongoni mwa karatasi zake.

Jambo kuu katika barua hiyo ni siri. Mwandishi wake analalamika kwamba watu humdhania kuwa mkali na mwenye kuwachukia wenziwe, hali sababu yenyewe hawaijui. Anaeleza kwamba hakuweza kuwaambia watu wapaze sauti kwa kuwa yeye ni kiziwi. Angewezaje kukiri udhaifu katika hisi ambayo kwake yeye, mwanamuziki, ilipaswa kuwa kamilifu kuliko kwa watu wengine? Anataja fedheha ya kusimama na mtu aliyesikia filimbi kutoka mbali, naye asisikie kitu. Anakiri kwamba alikaribia kuyakatiza maisha yake, na kwamba sanaa peke yake ndiyo iliyomzuia.

Wahakiki wengi wameisoma barua hii kama ushindi wa msanii juu ya maafa, na kwa hakika kazi kubwa alizotunga baadaye zinauunga mkono usomaji huo. Hata hivyo, barua ikisomwa kwa kipimo cha makala haya, inaonyesha jambo jingine. Kilichomtesa Beethoven katika mwaka huo si ukimya peke yake, bali ni kazi ya kuuficha. Ili asijulikane aliacha kwenda penye watu. Na kwa kuwa aliacha kwenda penye watu, alijulikana kwa sifa isiyokuwa yake. Msemaji hakupewa nafasi ya kusaidia kwa sababu hakuambiwa kwamba pana kitu cha kusaidia. Mzigo wote ulibaki upande mmoja, tena gizani.

Huu ndio ugonjwa wa umri wa katikati, umri wa cheo na kazi. Mwalimu, hakimu, muuguzi au fundi anayeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka 30 au 40 ana kitu cha kupoteza zaidi ya sauti: ana jina lake la kazi. Miaka zaidi ya 200 imepita, na sababu za kuficha hazijapungua sana.

Martineau: mzigo uliopokewa

Harriet Martineau alizaliwa mwaka ule ule wa 1802. Usikivu wake ulianza kupungua utotoni, na alipofika umri wa karibu miaka 20 ulikuwa umepungua sana. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1877 baada ya kifo chake, anasimulia kwamba watu wa nyumbani mwanzoni waliona tatizo kuwa ni uzembe wake wa kutosikiliza. Kivuli cha "hasikii", basi, si cha Kiswahili peke yake.

Insha yake ya mwaka 1834 inawaelekea wenziwe, na hilo ndilo linaloitenga na barua ya Beethoven. Beethoven aliandika ili asamehewe akiisha kufa. Martineau aliandika ili wasomaji wake waishi. Lugha yake ni kavu, haina machozi, na ushauri wake ni wa vitendo. Anapinga aibu ya uongo. Anawataka wenye hali hiyo waizungumze waziwazi wao wenyewe, ili watu wengine wasiizunguke kama kaburi. Anawataka wakubali kuyaacha yale yasiyopatikana tena, na watumie pembe ya kusikilizia pasipo haya. Naye hakuhubiri asilolitenda: kuanzia mwaka 1834 hadi 1836 alisafiri Marekani na pembe yake mkononi, akawahoji watu wa kila tabaka, akatoa kitabu cha "Society in America" mwaka 1837. Mtu asiyesikia vizuri alijifanya msikilizaji wa taifa zima, na pembe ile haikumzuia. Yawezekana hata ilimsaidia, kwani msemaji alilazimika kusogea karibu na kusema jambo lake mwenyewe, moja moja.

Pamoja na sifa hizo, insha ina upungufu wake. Martineau anamtaka kiziwi asiulize ulize nini kimesemwa. Awaamini waliopo kwamba watamweleza lililo na maana. Shauri hili lina heshima, lakini lina hatari pia. Katika nyumba nyingi lililo na maana huamuliwa na wanaosikia, na mzee huambiwa mwisho wa mazungumzo kwamba "hakuna kitu". Martineau ameutoa mzigo gizani na kuuleta mwangani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini bado ameuacha juu ya bega lile lile. Kwake yeye, kuishi vyema ni adabu ya asiyesikia, na adabu ya anayesema imetajwa kwa uchache.

Lodge: mzigo unaogombaniwa

David Lodge, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufa tarehe 1 Januari 2025, alikuwa mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu na mhakiki mashuhuri kabla ya kujulikana zaidi kwa riwaya zake. Yeye mwenyewe alipungukiwa na usikivu, na alikiri kwamba uziwi wa mhusika wake, pamoja na baba wa mhusika huyo, chanzo chao ni maisha yake.

Mhusika mkuu, Desmond Bates, ni profesa wa isimu aliyestaafu mapema. Hapa pana kejeli ambayo wasomaji wa jarida la lugha wataitambua mara moja: mtaalamu wa mazungumzo ameshindwa na mazungumzo. Riwaya inaanza katika karamu yenye kelele ndani ya jumba la sanaa. Mwanafunzi mmoja wa Kimarekani, Alex Loom, anamsemesha Desmond. Yeye haambulii neno, lakini kwa uungwana anatikisa kichwa. Kumbe kwa kutikisa kichwa ameahidi. Msuko mzima wa riwaya unatokana na "ndiyo" moja iliyotolewa pasipo kujua swali.

Uzuri wa riwaya hii uko katika kuweka vizazi viwili vya usikivu uliofifia katika ukoo mmoja. Desmond ana kifaa cha kusaidia kusikia na anasumbuka na betri zake. Baba yake, mpiga muziki wa zamani anayeishi peke yake London, yu karibu na miaka 90. Masikio yake yamekufa zaidi, na misaada anaikataa. Mtoto anapomtembelea baba, wawili hawa wanapiga kelele pasipo kuelewana, na msomaji hucheka. Lakini akiisha kucheka anagundua kwamba Desmond anamkasirikia baba yake kwa makosa yale yale ambayo Winifred, mke wa Desmond, anamkasirikia Desmond. Mtu mmoja ni msikilizaji mbaya katika nyumba moja na msemaji asiye na subira katika nyumba nyingine. Hakuna andiko kati ya haya matatu linaloonyesha wazi kuliko hili kwamba mzigo una pande mbili. Hata darasa la kusoma midomo analojiunga nalo Desmond linafundisha jambo hilo hilo: midomo haisomeki ikiwa mwenye midomo hakuugeuza uso wake.

Kasoro zipo. Kisa cha mwanafunzi yule kinachukua kurasa nyingi kuliko kinavyostahili, na kamba inayokifunga kwenye dhamira hulegea. Aidha, kwa kuwa sehemu kubwa imeandikwa kama shajara ya Desmond, uchovu wa Winifred, ambaye hurudia kila sentensi mara mbili, unajulikana kwa kupitia kalamu ya mumewe tu. Riwaya iliyogawa mzigo kwa haki ingempa naye sauti yake.

Jina la riwaya ni mtihani kwa mfasiri, na Lodge alilijua hilo, hata akawatabarukia kitabu wafasiri wa kazi zake. Katika Kiingereza, neno la uziwi na neno la kifo hutofautiana kwa konsonanti moja ya mwisho tu, tena konsonanti ambayo mwenye usikivu hafifu haisikii. Na neno la sentensi ndilo la hukumu ya mahakama. Kiswahili hakina bahati hiyo. Lakini kina methali, na mfasiri wa Kiswahili angeweza kukiita kitabu hiki "Sikio la Kufa". Sikio limo, kifo kimo, na msomaji angeimalizia methali mwenyewe. Je, kwa kufanya hivyo mfasiri asingekuwa ameingiza lawama ambayo mtunzi hakuikusudia? Angeiingiza, lakini riwaya yenyewe ingeijibu. Sikio la Desmond haliponi, na dawa halina. Hata hivyo mwenye sikio anaendelea kuishi, kupenda, kumzika baba yake na kujifunza. Jina lingemfikisha msomaji mlangoni na methali mkononi, na kitabu kingempokonya.

Sauti za Kiswahili mbele ya sikio hafifu

Inabaki kutazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyogawa kazi hiyo. Usikivu wa uzeeni haupungui sawasawa. Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, wala hazioti tena. Irabu ni nzito na zina nguvu. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni nyembamba na hafifu. Ndiyo sababu mzee husema, "Nasikia unasema, ila sielewi unasema nini." Anasema kweli. Irabu zimefika, konsonanti zimebaki njiani. Kumpigia kelele hakufai sana, kwa sababu kelele huzidisha zile irabu alizokwisha kuzisikia.

Katika hali hiyo sarufi ya Kiswahili ni rafiki. Maneno "fisi" na "sisi" huwa kitu kimoja kwa sikio lililopoteza s na f. Lakini ikisemwa, "Fisi wamekuja," au, "Sisi tumekuja," kiambishi cha kitenzi kinaokoa maana, kwa kuwa "wa" na "tu" hutofautiana kwa irabu, na irabu bado inasikika. Upatanisho wa ngeli, ambao wanafunzi wageni huulalamikia kwa kurudiarudia, ni fadhila kwa mtu kama huyu: asiposikia ngeli katika nomino, ataisikia katika kivumishi, akiikosa hapo, ataipata katika kitenzi.

Lakini rafiki huyu ana mahali anapomtupa mwenziwe. Pa kwanza ni ukanushi wa nafsi ya kwanza. "Nitakuja" na "sitakuja" hutofautiana kwa sauti moja ya mwanzo, na sauti hiyo hairudiwi tena mahali po pote katika neno. Nyumbani penye redio na watoto, mzee husikia "-itakuja" tu, na midomo nayo haimwonyeshi tofauti kubwa. Ahadi na kukataa vimefanana. Pa pili ni namba. "Sita" na "tisa" zina irabu zile zile na konsonanti zile zile, mpangilio tu ndio uliobadilika. Wala namba hizi hazichukui viambishi vya ngeli, kwa hiyo sarufi haina la kusema. Mzee aliyeambiwa afike zahanati saa sita akafika saa tisa hakuwa mkaidi. Pa tatu ni midomo. Sauti za p, b na m hutamkwa kwa midomo kufungwa, na kwa macho peke yake "baba", "mama" na "papa" ni neno moja.

Mahali hapa patatu hapahitaji mashine, panahitaji msemaji. Lugha imempa msemaji njia nyepesi kabisa. "Ndiyo, nitakuja." "La, sitakuja." "Saa sita adhuhuri." "Saa tisa alasiri." Neno moja la ziada, lenye irabu tofauti, hufanya kazi ambayo kelele kumi haziwezi kuifanya. Zaidi ya hayo, Waswahili wana desturi ya kumtaja mtu kabla ya kumpa habari: bibi, babu, mama fulani. Mwito huo humfanya mzee auinue uso wake kabla neno lenyewe halijatoka, hivyo sikio na jicho huanza kazi pamoja. Adabu iliyodhaniwa kuwa ya heshima tu ni adabu ya kusikilizana pia.

Hitimisho

Beethoven aliuficha mzigo na ukamtenga na watu. Martineau aliubeba mchana kweupe, lakini peke yake. Lodge aliuonyesha ukigombaniwa baina ya mume na mke, baba na mwana. Maandishi haya yakisomwa kwa kufuatana yanaonyesha hatua: kutoka siri, kwenda ukiri, kwenda mazungumzo. Hatua inayofuata haijaandikwa ipasavyo, nayo ni ile ya msemaji anayejua wajibu wake.

Kiswahili kina akiba ya kutosha kuiandika hatua hiyo. Kinahitaji kwanza kukitazama upya kitenzi chake. Mwalimu anayefundisha methali za utii angefanya vyema kuwaeleza wanafunzi wake kwamba asiyesikia la mkuu yumkini hakulisikia kweli, na kwamba mkuu naye ana deni la kuligeuza neno lake lisikike. Maana katika nyumba ambamo "nitakuja" na "sitakuja" zimekuwa neno moja, anayengojea mlangoni hadi usiku ni mzee. Lakini aliyepungukiwa na neno ni yule aliyeondoka.